Filamu Iliyopita Mara Mbili

Fundi wa kamera kuukuu za sinema haamini macho yake kabla ya masikio. Huitia kamera ufunguo kama saa, huisikiliza inavyokoroma, kisha huisugua meno ya magurudumu yake kwa mswaki akiibembeleza: “Tulia, bibi.” Leo ameinua dirishani filamu ya harusi ya mama mmoja aliyeachwa.

“Mama, aliyekuwa mumeo aliipitisha filamu hii kwenye kamera mara mbili. Picha zimepandana.”

Mama akachungulia. Akajiona ndani ya shela, na mwanamke mjamzito asiyemjua akimpita kifuani.

“Nani alitangulia, fundi? Mimi au huyu?”

Fundi akaigeuza filamu, akaigeuza tena. “Hata sielewi, mama. Nikukatie kipande chako?”

“Utakata wapi?”

Fundi akabaki na mkasi mkononi, akitafuta pa kuanzia.