Mto Wenye Tundu Katikati

Daktari alipomaliza kueleza, mume wangu alijibu kwa kifupi, tena uongo mtupu.

"Mimi sina ndugu, daktari."

Nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Ningetakiwa kuapa, ningeapa palepale.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akadhani hatukumwelewa, akarudia taratibu. Tezi dume waliyomtoa mume wangu kwenye upasuaji haikutupwa. Kipande chake walikihifadhi kwenye nta, wakakipeleka maabara kupima jeni, maana humo kuna alama zinazoonyesha kama saratani ina dalili ya kurudi. Ya mume wangu ilikuwa na dalili kubwa. Asingoje, aanze mionzi. Halafu damu yake ikaonyesha la pili: mojawapo ya hitilafu za jeni hizo alizaliwa nayo.

"Ndugu zako wanaweza kuwa nayo, na watoto wao pia," akasema. "Wakijua mapema wanasaidika. Waambie."

"Nimesema sina," akasema mume wangu, akavaa kofia yake.

Ndugu anaye. Mmoja, wa tumbo moja, kaka yake mkubwa. Mtaani wanamwita Kifua, kwa jinsi anavyotembea kifua mbele utadhani anasukuma mlango. Baba yao aliwaachia karakana ya makochi, wakawa wanafanya kazi pamoja: Kifua anapokea wateja na kupiga domo, mume wangu anakata na kushona. Basi mume wangu akalazwa. Akiwa bado kitandani na mpira wa mkojo unaning'inia, Kifua akabadilisha kufuli la karakana. Nilipokwenda kufuata cherehani nikakuta kibao kipya kina jina moja tu.

"Shemeji, mwache mgonjwa apumzike," akaniambia, na tabasamu lake la kuuzia watu viti vibovu.

Hilo ningelimeza. Lakini mtu huyu akakaa kwa kinyozi akatangaza kwamba mdogo wake amehasiwa. Eti mwanamume aliyekatwa huko hana tena nguvu hata ya kuvuta kitambaa kikakazika kwenye kochi! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu alirudi nyumbani amevaa pedi, maana mkojo ulikuwa haumsikii, na kicheko hicho kilimpokea kabla hajafika mlangoni kwetu.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Hii haikuwa ya karibu. Hii niliilea, nikailisha, ikanenepa.

"Tusimwambie," nikasema tulipotoka kwa daktari.

"Hata nukta."

"Na yeye aning'inize mpira. Akatwe aone utamu wake."

Tukacheka, haki ya Mungu. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu alazwe. Mvua za kwanza zilikuwa zinaanza siku hiyo, tukarudi chini ya mwavuli mmoja kama wachumba.

Binti yetu tulimpeleka kupimwa bila kuchelewa, kwa sababu daktari alisema hitilafu ile huwadhuru hata wanawake, kwenye matiti. Akakutwa hana. Jioni ile mume wangu alikuwa anamenya chungwa, akauliza bila kuinua uso, "Na wale vijana wake wawili?"

Vijana hao wamekulia mikononi mwangu. Mume wangu ni baba yao mdogo, na yule mkubwa alijifunza kushika sindano akiwa amekaa mapajani pake. Sasa ni watu wazima, wanafanya kazi kwa baba yao.

"Wana baba yao," nikamkata.

Akaendelea kumenya chungwa lake.

Mionzi ilipoanza ikamchoma huko ndani, kukaa kukawa adhabu. Fundi makochi asiyeweza kukaa! Ingekuwa kwa mtu mwingine ningecheka. Muuguzi akamshauri atafute mto wa kukalia wenye tundu katikati, na chini ya kitambaa kuwe na nailoni, maana mkojo nao ulikuwa bado unavuja. Atafute wapi? Anamwambia nani? Mume wangu akarudi kwenye kibaraza chetu, ndiko alikohamishia kazi, akakata sponji, akatoboa katikati, akaivalisha nailoni vizuri. Akachukua kitambaa. Halafu akaganda na mkasi mkononi.

"Nini? Inauma?"

"Mto huu nilishawahi kuushona."

"Wa nani?"

"Wa kaka." Akaweka mkasi chini. "Unakumbuka miaka ile alipopotea muda mrefu, akasema alikuwa safari ya kutafuta vitambaa, akarudi amekonda? Aliniambia ana bawasiri, nimshonee mto wenye tundu. Akasisitiza niweke nailoni. Nikamuuliza, bawasiri na nailoni wapi na wapi? Akanifokea mbele ya wateja."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kumbe Kifua naye alikatwa! Amekatwa miaka yote hiyo, anavaa pedi, na bado akakaa kwa kinyozi kumcheka mwenzake! Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya ni kwamba daktari wake naye lazima alimwambia amjulishe mdogo wake apimwe. Mume wangu angepimwa wakati ule, saratani ingekamatwa ikiwa changa, na leo tusingekuwa tunaambiwa habari za kurudi.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Tulimkuta Kifua mlangoni pa karakana, kwenye kiti chake, anambembeleza mteja mmoja, mama aliyeleta viti vya mezani. Vijana wake walikuwa nyuma wanakaza mikanda ya kochi.

"Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Simama," nikasema.

"Ebo! Salamu gani hiyo?"

"Simama tuone unakalia nini."

Hakusimama. Mume wangu akamsogelea, akapitisha mkono pembeni mwa paja lake, akapapasa ukingo wa mto. Mshono wake aliujua.

"Nailoni ipo," akasema. "Kaka, ulikatwa lini?"

Kifua akamtupia jicho yule mteja. "Punguza sauti, mdogo wangu. Watu."

"Walikwambia unijulishe?"

"Walisema." Akachomoa ufunguo mfukoni. "Niliona haya. Ningeanzia wapi? Ndugu yangu, nakuomba. Kibao nitakishusha leo hii. Ufunguo huu hapa, chukua. Ila vijana wasijue. Wasinione hivyo."

Basi tukajua pa kupiga. Alituonyesha mwenyewe.

Mume wangu hakuugusa ufunguo. "Wanangu!" akaita. "Acheni kazi, njooni hapa."

Akawaambia yote, tena kwa sauti ya kufika kwa kinyozi. Kwamba baba yao alikatwa tezi dume kama yeye. Kwamba yeye aliyemtangaza mwenzake kuwa amehasiwa, naye anavaa pedi vilevile. Kwamba alijua ugonjwa unatembea kwenye damu yao, akaukalia kimya, akauficha kwenye mto. "Nendeni hospitali mkapimwe leo," akamaliza. "Msimsikilize huyu." Yule mteja aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kifua kile, nilikiona kikishuka, kikishuka, mpaka mtu akabaki mabega tu. Nikashiba. Sitaficha, nilishiba kabisa.

Yule kijana mkubwa hakumtazama baba yake. Alikuwa anamtazama mume wangu.

"Baba mdogo," akasema, "wewe uliambiwa lini kwamba na sisi tupimwe?"

Nikamkonyeza mume wangu aseme jana. Aliniona, najua aliniona.

"Mvua zilipoanza," akasema.

Nje lilikuwa jua kali, vumbi limetanda barabara nzima. Kijana akatazama huko kwa muda.

"Na dada? Yeye alipimwa?"

"Alipimwa."

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akamshika mdogo wake mkono. Baba yake akamwita. Mume wangu akamwita. Nami nikamwita kwa jina lake la utotoni. Akatupita sote watatu, hata kuaga hakuaga.