Kiti ya Mutoto wa Kalunguta

Siku ya kuniaga, batu bote wenye kujua kushika mikro balinisifu. Eti mimi prefe, mukubwa wa college ya Butembo, niliikuta na madarasa tatu za turubai, nikaiacha na jengo ya matofali, yenye mabati. Eti nilijitoa sana juu ya batoto ya batu. Nilikuwa nimekaa pale mbele, ndani ya fotei, kiti ya bakubwa, naangalia mabati kule juu. Ile mabati, mimi njo najua ilitoka wapi.

Ilikuwa wakati wa vita. Serikali haikulipa mwalimu hata mumoja, bazazi habakuwa na kitu. Donc tulifanya vile tunafanyaka huku kwetu: kila mutoto analeta mbao yake, fundi anamutengenezea kiti, na ile kiti njo nafasi yake ndani ya darasa. Mutoto bila kiti, anabakia inje.

Mama mumoja, mulimaji, alitoka Kalunguta na mbao mugongoni, kamba kwenye kipaji ya uso, vile bamama ya kwetu banabebaka. Alitembea tangu asubuhi. Alitua mbao mbele ya bureau yangu, hakuomba hata maji.

“Papa Prefe, binti yangu anapenda masomo sana. Mupokee mbao kwanza, yeye atakuja kufanya test.”

Binti akakuja, akafanya test, akashinda bote. Wa kwanza! Nilisahihisha mimi mwenyewe, na bic nyekundu. Fundi akatengeneza kiti yake, akaiweka karibu na dirisha.

Kesho yake komanda wa baasi akatoka Beni na jeep. Alikuwa na mutoto wa dada yake wa kuingiza masomo. Nilimuambia darasa imejaa, hata kiti moja ya zaidi hakuna. Akacheka.

“Prefe, nasikia jengo yako haina mabati.”

Haya gani! Sikufikiri hata muda wa kumaliza chai, nikakubali. Mabati ilifika ndani ya kamio, lori ya basoda, imetobokatoboka na misumari ya zamani. Balibomoa nyumba ya nani, kule Mabalako ao wapi? Sikuuliza.

Mama aliporudi kutafuta matokeo, nilimuangalia ndani ya macho.

“Pole, mama. Mutoto alianguka test.”

“Na mbao?”

“Mbao inabakia kwa college.”

Nilisema vile, mimi, mutu wa kufundisha somo ya morale!

Mutoto wa dada ya komanda alikalia ile kiti miezi mbili. Basoda bakahama kwenda Kanyabayonga, naye akaenda nabo. Kiti ikabaki wazi mwaka muzima. Ningetuma mutu Kalunguta, lakini ningesema nini? Kila asubuhi nilipita pale, nikajifanya naangalia dirisha. Mavi ya mutu, mimi.

Sasa siku ile ya kuniaga, kisha discours, zile hotuba za kunisifu, mama mumoja akasukumana mpaka mbele, kikapo ya mashu, kabichi ya kwetu, mugongoni, kamba kwenye kipaji. Nilimutambua mbele afungue kinywa: ule mama wa Kalunguta.

“Papa Prefe, nimekuletea mashu. Ulimupima mutoto wangu sawa batoto ya bengine, hata kama hana kichwa. Tangu ile siku namuambiaka: wewe buku hapana, shika jembe. Na anashika, hachoki.”

Batu bakapiga makofi. Nikafungua kinywa nimuambie.

“Aksanti, mama,” nilisema, nikapokea mashu na mikono mbili.