Wingu Mgongoni

Mvua ya Eldoret ikianza kugonga mabati, kazi hunishinda. Hata sasa nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nasimama tu dirishani, na kabla sijajua nimerudi Yamumbi, sebuleni kwa Shosho, nimekaa kwenye zulia na pua yangu karibu iguse televisheni.

Shosho alikuwa mama yake baba. Alihamia huku kutoka Murang'a akiwa bado bibi harusi, akalima mahindi mpaka vidole vikapinda. Kanisa lilikuwa damuni mwake, na redio yake ilijua stesheni moja tu, ya nyimbo za injili. Basi fikirieni alivyoruka siku aliponikuta nikitazama filamu ya katuni ya Kijapani ambayo anko wangu aliniletea kutoka mjini.

Filamu yenyewe, jamani! Kijiji kilikuwa kimekauka, na ajuza mmoja akakuta wingu dogo limejificha ndani ya pipa lake la mchele. Wingu lilikuwa hai, lina macho. Likilia, jikoni kunanyesha. Likicheka, sufuria zinaelea. Katuni nilizozoea zilikuwa za kukimbizana na kupigana marungu, lakini humu hakuna aliyekuwa na haraka. Mvuke wa chai ulipanda polepole na majani yalitikisika moja moja, nami nikasahau kupumua.

"Wingu iko na macho?" Shosho akasema. "Hiyo ni pepo! Zima hiyo kitu!"

Akachomoa diski na kuifungia kwenye kabati la vyombo. Kina mama wa maombi walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi, na zamu yetu ilikuwa imefika. Wangeiombea, kisha ichomwe nyuma ya choo, mahali picha za wanamuziki za anko zilipochomewa. Nililia hadi kwikwi ikanishika. Sikuwa nimeona mwisho! Sikujua kama wingu lilirudi kwao angani au lilifia ndani ya pipa, na niliona kabisa kwamba ningezeeka bila kujua.

Alhamisi ilifika na mvua yake. Kina mama wakavua gambuti mlangoni, wakaimba, wakaketi. Kiongozi wao alikuwa Mama Akinyi, jirani yetu aliyetoka upande wa Kisumu, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Aliishika ile diski kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Kisha akamgeukia Shosho, akasema neno ambalo namshukuru kwalo mpaka leo.

"Lakini Mama Kamau, tutakemea aje kitu hatujaona? Wacha kwanza tuone hiyo pepo ni ya aina gani."

Shosho alinuna, lakini hangeweza kubishana na kiongozi. Diski ikawekwa. Mimi niliitwa mbele niwasomee maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini, niyageuze Kiswahili, na kichwa changu kikavimba kwa fahari. Mwanzoni walikemea kila mara wingu lilipopepesa macho. Chai ilipopoa vikombeni, hakuna aliyekumbuka kukemea. Ajuza alipolifunga wingu mgongoni kwa kitambaa ili alipeleke mlimani, Mama Akinyi akapiga makofi.

"Ona! Hata huko kwao wanabeba mtoto na leso!"

Huko juu ajuza akafungua fundo. Wingu likapanda, likatanda, mvua ikanyesha kijijini. Kwetu nayo ilikuwa ikinguruma juu ya mabati, hata sikujua ninasikia ipi. Kisha ajuza akakifunga tena kile kitambaa kitupu mgongoni, akaanza kushuka. Alikuwa ameinama vilevile, na mkono wake ulipigapiga nyuma taratibu, pasipo na kitu. Hapakuwa na maandishi. Nikamgeukia Shosho, nikiona haya kwa kukosa cha kusoma.

"Shosho, sijui mbona anafanya hivyo."

"Mgongo haijajua bado," akanijibu, macho hayabanduki kwenye kioo.

Siku hiyo hakuna kilichochomwa. Wakafunga kwa sala fupi, wakaenda zao, na tangu hapo Shosho mwenyewe alikuwa akiniambia nimwekee "ile ya mama wa wingu."

Miaka mingi baadaye, baada ya kumzika Shosho, tulikuwa tukiosha sufuria za matanga nyuma ya nyumba, shangazi akanisimulia nisichowahi kusikia. Kabla ya baba yangu kulikuwa na msichana, Wambui. Aliugua msimu wa mvua, barabara ikawa tope tupu, hakuna gari. Shosho akambeba mgongoni kuelekea hospitali, na mtoto akakata roho hukohuko mgongoni, njiani. Baada ya mazishi, shangazi akasema, watu walimwona Shosho akienda shambani amejifunga leso tupu, ameinama, mkono ukipigapiga nyuma.

Nilibaki na mikono ndani ya maji. Wale waliochora filamu ile hawakuwahi kukanyaga Yamumbi, wala hawakujua kama Shosho yuko duniani. Walimwona wapi?