Lawalawa Ilitufuata Hadi Kinole

Nilipokuwa mtoto kule Kinole, chui nilimwogopa kidogo, lawalawa niliiogopa sana. Chui sikuwahi kumwona. Lawalawa ilizungumzwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini, na mambo ya sauti ya chini ndiyo mtoto huyasikia vizuri. Wazazi wangu walihama Singida nikiwa bado nanyonya, wakaja Uluguru kulima migomba na mdalasini. Walikuja na imani ya kwao: mtoto wa kike akiwashwa, akilia anapokojoa, hiyo ni lawalawa, mizimu imekasirika, na dawa yake ni kukatwa, yaani kukeketwa. Asipokatwa atakufa, au hatazaa. Mimi nilishapewa dawa hiyo kabla hatujahama, kabla sijajua hata kusema "mama".

Waluguru hawakati. Mabinti zao wakivunja ungo huwekwa ndani, wakafundwa, basi. Kwa hiyo mama, aliyekatwa kama mimi, hakuoga mtoni na wanawake wenzake, na mdogo wangu Neema alimzaa nyumbani, akihofia nesi atamshangaa. Alichanika vibaya. Nakumbuka alivyokuwa akikaa upande upande, akitabasamu ili nisiogope.

Neema alipoanza kulia akikojoa, baba alimpigia simu mama yake. Bibi akaja na basi, na kifurushi kidogo alichokificha chini ya mto. Hakuna aliyehitaji kuniambia kina nini. Tena nilimpenda bibi yule, mcheshi kupita kiasi, wa kutania hata mbuzi. Ila kila mara alikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia, nami nilimsikia akiguna huko, akarudi uso umekunjamana.

Kesho yake asubuhi aliagiza maji ya moto. Mama akamfunga Neema mgongoni, akakaza kanga.

"Mama, mtoto nampeleka zahanati."

"Zahanati wanajua nini kuhusu mizimu yetu? Unataka kumzika?"

Mama hakuwahi kumjibu mkwewe. Siku ile alijibu, macho chini.

"Nisamehe, mama. Wewe ulikatwa. Mbona mpaka leo ukikojoa unalia?"

"Nenda," bibi akasema. "Akifa, mimi simo."

Tuliteremka mlima, mimi nimebeba mkoba, nikiamini kabisa kwamba Neema atakufa njiani. Nesi alimpima, akasema ni maambukizi kwenye mkojo, akatupa dawa ya maji na kumwelekeza mama namna ya kumsafisha. Nyumbani bibi alikuwa akichungulia kila nepi ilipobadilishwa, akiingoja mizimu. Haikuja. Neema akaacha kulia, akanenepa, akaanza kumvuta bibi kilemba.

Ndipo siku moja bibi akavaa kanga yake ya sherehe. "Na mimi nipelekeni," akamwambia mama. Tulikwenda wote, mkono wake begani kwangu kwa sababu ya utelezi.

Nesi alimwamkia, akamuuliza tatizo lilianza lini.

"Tangu siku waliyoniponya," bibi akasema.

Nesi hakucheka, wala hakumkemea. Alimshika mkono, akaniomba nitoke, akafunga mlango. Bibi alipotoka alikuwa amelia, ameshika vidonge vyake. Mama akainuka, akaingia yeye bila kuitwa.

Mwaka huu nimejifungua mjini Morogoro. Siku ya kwanza ya kliniki, kabla mkunga hajauliza, nilimwambia nimekatwa, ili ajiandae nami nijiandae. Akanishukuru, akanieleza kila hatua, na nilizaa salama. Wengi wanaonisikia nikisimulia humlaumu bibi. Nami nilimkasirikia kwa miaka mingi, siwezi kukana. Lakini leo, nikimnyonyesha binti yangu, shukrani ndiyo imebaki. Namshukuru mama kwa kuuliza alichokatazwa kuuliza. Namshukuru na bibi, maana si jambo dogo kwa mtu mzima kukiri kwamba aliteseka bure, na kukiri mbele ya mkwe na mjukuu.

Bibi alirudi Singida baada ya mavuno ya mwaka ule. Wajukuu wa kike wamezaliwa wengi huko tangu siku zile, na kila aliyelia akikojoa, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba kumpeleka zahanati.