Oliva na Kilima cha Mchepuko

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Baridi kali, ukungu ulifunika Songea mpaka saa nne, kisha jua likatoka lisilo na joto.

Siku hiyo Oliva Komba alipika sufuria nzima ya ugali akauza sahani mbili tu. Zote aliuza kwa mtu mmoja.

Kwa miaka mingi alikuwa mama lishe wa Msamala, kando ya barabara ya zamani. Malori ya makaa ya mawe yaliyotoka Mbinga kwenda Mtwara yalipita katikati ya mji, na madereva walimzoea. Lori likiwa bado mbali, dereva alipiga honi, Oliva akaanza kusonga. Dereva akishuka, anakuta ugali na dagaa wa Nyasa mezani.

Barabara ile ilijengwa mji ukiwa mdogo. Mji ukakua, pikipiki zikajaa, ndipo serikali ikajenga mchepuko. Unaachana na barabara ya zamani kabla ya mjini, unazunguka nyuma ya nyumba na mashamba ya mahindi, unapanda kilima kirefu, kisha unashuka kuikuta barabara ya Namtumbo. Ulipofunguliwa, malori yakakatazwa kupita mjini.

Oliva hakungoja. Meko ya Msamala alimwachia Biasha, muuza chapati jirani yake, akautembea mchepuko wote kwa miguu kutafuta mahali. Katikati ya kilima alichoka, akaketi kando. Akaona kwamba kila apandaye hapo lazima apumzike. Mumewe Athanasi, ambaye ni fundi ujenzi, alimsimamishia kibanda papo hapo, nje ya vigingi vya hifadhi ya barabara.

Malori yakawa yanapanda polepole yakinguruma, madereva wanapunga mikono. Hakuna aliyesimama.

"Dada Oliva," Biasha alimwambia alipokuja kumtazama, "hawa ni madereva au wagombea? Kazi kupunga mikono tu!"

Oliva hakucheka. Aliamini wamepata mpishi mwingine huko mbele, na meko ya zamani hakuwa nayo tena.

Jumanne hiyo, mchana, alifika Daimu, dereva wa Tunduru, akipanda kwa miguu na kuhema. Lori alikuwa ameliacha chini na utingo wake.

"Shikamoo, mama Fransisko," alimwamkia Oliva kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Leo umenikumbuka? Mpishi wenu mpya anaumwa?"

"Mpishi gani, mama! Nafika Namtumbo na njaa. Nani alikuchagulia hapa?"

"Mimi mwenyewe. Mtu akipanda mlima si anapumzika?"

Daimu alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. "Anapumzika mwenye miguu. Lori lenye mzigo nikilisimamisha hapa, kuling'oa tena ni kazi, linaweza hata kurudi nyuma. Sisi tunasimama pale chini, kwenye tambarare, tunakagua matairi na turubai kabla ya kupanda. Ungetuuliza."

"Ningewauliza saa ngapi, nanyi mnapita mnapunga mikono?"

Alikula sahani moja, nyingine akampelekea utingo.

Jioni Oliva alimwambia Athanasi kwamba wanahama.

"Nguzo nimezimwagia zege," Athanasi alisema.

"Basi zibaki. Mimi naondoka na sufuria."

Kesho yake asubuhi, katika ukungu, Oliva alishuka kilima na sufuria kichwani, Athanasi nyuma yake na unga na kuni. Akapanga mafiga kwenye tambarare, bila paa, akawasha moto na kuteleka maji. Ukungu ulipoinuka, lori la kwanza lilipita. La pili, likiwa bado mbali, likapiga honi.

Oliva akaanza kusonga.