Sijaona, fundi wa Masasi anayefuata harufu ya petroli

Saa moja na nusu asubuhi, Sijaona Mahmudu amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo la kijani. Amefumba macho, ananusa. Milango yote minne iko wazi. Spana hajaigusa bado.

“Hapa nyuma ni kali kuliko mbele,” anasema, kisha anateremka kwenda kunusa tundu la kujazia mafuta.

Gereji yake ni banda la mabati pembezoni mwa mji wa Masasi, kwenye barabara ya kupandia Newala. Ana umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na minne mikono yake imekuwa kwenye grisi. Wiki nzuri humwachia shilingi elfu themanini. Zipo wiki ambazo hupata nauli tu.

Mwenye gari ni Esther, mwalimu mstaafu wa Lupaso ambaye majirani humwita Mama Julia. Mumewe, Mzee Alfredi, ameketi mbali kwenye benchi, kitambaa puani. Mwaka jana alipata kiharusi, na tangu hapo harufu ya petroli haivumilii hata kidogo.

Mzee huyu ni mzaliwa wa Kitangari, juu kwenye uwanda. Dada yake mkubwa, Kibibi, bado anaishi huko, na miguu yake haimruhusu kusafiri. Hawajaonana kwa miaka miwili.

“Mara mbili tumeanza safari, mara mbili tumegeuza njiani,” anasema Mama Julia. “Kwenye mlima anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Wifi yangu anadhani tumemsusa.”

Mafundi wawili wamekwisha kulishika gari hilo. Wa kwanza alibadilisha mipira ya mafuta kwenye injini. Wa pili alisema ni uzee wa gari, wafungue vioo.

Sijaona yeye anauliza.

“Mama, harufu inazidi lini? Tenki likijaa au likikaribia kuisha?”

“Likijaa, mwanangu. Na tukipanda mlima.”

“Na asubuhi, kabla hujawasha?”

“Naikuta humo humo, imelala ndani.”

“Basi si injini,” anasema Sijaona. “Tenki likijaa na gari likiinamia nyuma, mafuta yanapanda mpaka kwenye mfuniko wa pampu iliyo ndani ya tenki, chini ya kiti. Tutafute hapo.”

Anachomoa waya wa betri. Anakusanya simu zote, hata ya mwandishi wa makala haya, na kuzipeleka kwenye meza ya mbali. Ndoo ya mchanga anaiweka karibu na mguu wake. Ndipo anapong'oa kiti cha nyuma.

Chini ya kiti kuna kibati chenye skrubu nne. Anapokiinua, vumbi lililozunguka mfuniko wa pampu limeloa na kuwa jeusi. Mpira wa kuziba hakuna. Mtu aliwahi kuufungua mfuniko huo akapaka gundi ya silikoni badala ya mpira, na petroli imeilainisha mpaka imekuwa kama uji mzito.

“Mama, njoo uone. Hiki ndicho kilichomzuia Baba kwenda kwao.”

Anamulika kwa tochi ndogo ya betri. Taa ya waya haiingii katika gereji hii.

“Ndiyo iliyomwunguza kaka yangu,” anasema bila kuinua uso.

Kaka huyo ni Nasibu, aliyeijenga gereji hii na kumfundisha kazi. Miaka kumi iliyopita alikuwa akishusha tenki, taa ikamponyoka, glopu ikapasukia kwenye petroli. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulikakamaa. Hakuweza tena kukunja vidole kushika spana.

Sijaona akaendelea na kazi, Nasibu akiketi pembeni na kumwelekeza. Ikawa hivyo kwa mwaka mmoja.

“Siku moja aliniambia, ‘Mdogo wangu, nikikuangalia unavyofanya kazi yangu, mkono unaniuma zaidi.’ Wiki iliyofuata akavuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Kila Ijumaa alikuwa anapiga. Kisha namba yake ikawa haipatikani. Huu ni mwaka wa sita.”

Mama yao, Mwanakombo, bado anauliza kila Ijumaa jioni: “Hajapiga?”

Mpira mpya unapatikana kwenye duka la vipuri mjini. Sijaona anakwangua silikoni yote, anafuta, anauweka mpira na kukaza mfuniko kidogo kidogo, kila upande kwa zamu yake. Wanakwenda kujaza tenki mpaka juu. Wanaporudi, anazungushia pampu vipande vya karatasi nyeupe na kusubiri saa nzima.

Karatasi zinabaki kavu.

“Sasa tukapande mlima,” anasema. “Hapa chini gari haliwezi kunipa jibu.”

Mzee Alfredi anakubali kuingia kwa shida. Wanapoanza kupanda ameshikilia mlango, tayari kuufungua. Kona ya kwanza, ya pili. Mkewe anamtazama. Katikati ya mlima anakishusha kitambaa puani.

“Fungeni vioo,” anasema. “Vumbi.”

Wanaendelea mpaka Kitangari, ambako Kibibi anatoka nje akiongozwa mkono na mjukuu wake. Mzee Alfredi anajikongoja hadi mbele yake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Ulikuwa wapi, Alfredi?”

Analia, na dada yake anamfuta machozi kwa ncha ya khanga, kama mtoto.

Sijaona anawageuzia mgongo na kuinua boneti ya gari lisilo na tatizo tena.

Mwezi Machi, dereva wa lori aitwaye Abuu alimletea habari. Huko Montepuez, Msumbiji, amemwona Mtanzania anayefundisha ufundi kwa maneno tu, mkono wake wa kulia umekakamaa. Jina hakulishika. Sijaona amekwisha kupata pasipoti, na msimu wa korosho ukimalizika ataondoka na lori hilo.

“Huenda si yeye,” anasema. “Lakini nitakwenda. Nikimkuta, sitamwuliza kwa nini alinyamaza. Nitamwambia kuna gari limenishinda, aje anielekeze.”