Nafula Ananyoa kwa Betri ya Pikipiki

Tarehe 14 Machi 2022, Nafula Simiyu alipewa leseni ya kuendesha pikipiki, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Wenzake wa kwaya walidhani anataka kubeba abiria. Alichotaka kubeba ni mashine ya kunyolea, mataulo, chupa ya spiriti na kigoda.

Kabla ya hapo alikuwa kinyozi wa kawaida, ikiwa kinyozi mwanamke anaweza kuitwa wa kawaida katika mtaa wa Shauri Moyo. Alisimama kwa miaka mingi nyuma ya kiti kimoja ndani ya kibanda cha mabati, akazoea maneno ya wanaume waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Mathe, ukinikata sikio utanioa?"

"Ngoja kwanza nione kama hilo lingine linasikia," angejibu bila kuinua macho.

Kibanda kilipobomolewa kupisha mtaro, wateja vijana walipata kinyozi mwingine siku hiyo hiyo. Wazee hawakutafuta. Walibaki nyumbani, nywele zikaota.

Nafula aliligundua hilo alipokwenda kumjulia hali Mzee Muoki, mchonga vinyago aliyekuwa mteja wake wa kila mwezi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono na mguu wa kushoto. Alimkuta ameketi kitandani na kofia ya sufi, jua la Februari likiwa limechoma mabati mpaka yanalia.

"Usitazame, mama," mzee alisema, akiishika kofia. "Huku chini ni msitu."

Siku hiyo alimpunguza kwa mkasi. Aliporudi kwake mtaa wa Huruma jioni alikuwa tayari anahesabu kichwani wazee wengine ambao hakuwa amewaona tangu kibanda kianguke.

Shida ilikuwa umeme. Mashine yake ni ile nzito ya waya, kwa sababu zile ndogo za kuchaji, anavyosema, hazikati nywele za mzee, zinazing'oa. Kisha wazee hupenda kunyolewa nje, mlangoni, mahali wanapoona watu wakipita, na nje hakuna soketi. Hata ndani, tokeni za kulipia stima huisha bila kuaga, na Nafula hakutaka mteja awe anawaza stima yake huku kichwa kimeinamishwa. Ndipo akanunua pikipiki iliyotumika, akaipeleka kwa Nzivo, fundi wa waya anayefanyia kazi kando ya Juja Road.

Nzivo ni kijana mpole mwenye mikono safi kupita kiasi kwa mtu wa gereji. Alichomoa kiti, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri ili waya ukigusana na chuma usiteketeze kitu. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, aliufunga kwenye bolti ya fremu, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Soketi yenyewe, ya duara na kifuniko cha mpira, aliiweka ubavuni chini ya kiti, mahali mvua haifiki. Hapo ndipo Nafula angechomeka inveta, kijisanduku cha kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine yake.

Walibishana juu ya jambo moja tu.

"Hii waya tuipitishe kwa swichi ya ufunguo," Nzivo alisema. "Ukizima pikipiki, soketi pia inalala."

"Na nikitaka kunyoa?"

"Unaacha ufunguo hapo, umeiwasha."

"Niache ufunguo kwa pikipiki? Mimi nikiwa nimeinamia kichwa cha mtu? Nzivo, wewe umezaliwa huku Eastlands kweli?"

Nzivo alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Basi twende moja kwa moja na betri. Lakini mathe, siku betri ikilala njaa usinipigie simu."

Kwa hiyo soketi ya Nafula hailali. Ufunguo hukaa kifuani mwake, umefungwa kwa uzi, na pikipiki inaweza kuzimwa huku mashine ikinguruma. Kwa wezi, alikuwa amejipanga vizuri. Kwa kwaya, hakuwa amejipanga hata kidogo.

Nafula huimba sauti ya pili katika kanisa moja la Huruma, na ana udhaifu unaojulikana na waumini wote: hawezi kukataa mtu. Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, stima ilipotea katikati ya mazoezi. Mwalimu wa kwaya alitazama kinanda, kisha akatazama mlangoni, pale pikipiki iliposimama.

"Dada Nafula, ile soketi yako..."

Waya wa kinanda ukapitishwa dirishani. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakaona kwamba simu zao pia zina njaa, na mtu akatoa kebo yenye vichwa vingi. Waliimba vizuri jioni ile. Nafula alirudi nyumbani kwa furaha, na asubuhi pikipiki ilipokataa kuwaka kwa kitufe aliipiga kiki kwa mguu, kama afanyavyo kila asubuhi ya baridi, akaenda zake Shauri Moyo.

Alikuwa anakwenda kwa Mzee Muoki, na siku hiyo haikuwa ya kunyoa tu. Kasiva, bintiye mzee, alikuwa anatarajia wageni saa sita: watu wa Sylvance, mchumba wake, kutoka Njiru. Walikuwa wanakuja kujitambulisha na kuulizia ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Wakamba hawahesabu ndoa. Mzee alikuwa ametoa neno lake tangu Jumapili. Akiwa nadhifu, atawapokea mwenyewe langoni, kwa sauti yake. Akiwa na kichwa cha mgonjwa, atabaki chumbani, na ndugu yake aliyetoka Machakos atazungumza badala yake. Kasiva hakuwa na neno baya juu ya ami yake. Ila alimtaka baba.

Stima ilikuwa imepotea Shauri Moyo pia. Nafula hakujali. Aliegesha pikipiki karibu na lango, akamketisha mzee kwenye kiti cha plastiki, akamfunga taulo shingoni. Alianzia upande wa kulia, akapanda polepole mpaka utosini. Hapo mashine ikapunguza sauti, ikakokota, ikanyamaza. Inveta ilitoa mlio mwembamba na taa yake ikawa nyekundu.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Bado kidogo."

Haikuwa kidogo. Ilikuwa nusu kamili. Upande mmoja uling'aa, upande wa pili ulikuwa mweupe na mzito kama pamba. Mkasi usingeweza kuifikia kazi ya mashine, na wembe Nafula hakuthubutu, kwa kuwa mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kasiva alitoka na sinia la vikombe, akamwona baba yake, akaketi kizingitini na sinia lake.

"Auntie Nafula. Nini hii?"

"Kwaya imekula betri," Nafula alisema. Hakupata njia nyingine ya kulieleza.

Mzee alipapasa kichwa kwa mkono wa kulia, mkono uliochonga twiga na vifaru maisha yake yote, na akajua. "Nirudisheni ndani," alisema kwa utulivu. "Mwiteni ndugu yangu."

Nafula alichomeka ufunguo, akapiga kiki. Injini iliwaka, taa ya inveta ikarudi kijani, akakimbilia mashine. Kabla hajaigusa, injini ikashuka mngurumo na taa ikawa nyekundu tena. Akaelewa. Betri haikuwa na kitu cha kutoa, injini ilibidi iubebe mzigo wote, na injini isipoongezwa mafuta haiwezi. Mtu alitakiwa ashike mkono wa mafuta na kuutuliza hapo.

Kasiva alijaribu. Lakini aliuzungusha mno, kisha akaulegeza; mashine ilipiga kelele, ikafa, ikapiga kelele tena.

"Hivyo utaninyoa ubongo," mzee alisema.

Wakati huo kivuli kilisimama langoni. Alikuwa Patrobas, babake Sylvance, mstaafu wa reli, mtu ambaye hajawahi kuchelewa mahali na ambaye aliwatangulia watu wake kwa sababu walikuwa wanatembea polepole mno. Alikuwa na suti ya kijivu, kofia na mwavuli. Alimtazama Mzee Muoki, mkwe mwenzake mtarajiwa, nusu hii, kisha nusu ile. Kasiva alifunika uso kwa kanga.

Patrobas alitundika mwavuli kwenye lango, akamsogeza Kasiva taratibu, akaushika mkono wa mafuta. Mngurumo ukanyooka kama mstari wa rula.

"Bado hatujakukaribisha," Mzee Muoki alimwambia, kwa ukali wa mtu anayelinda heshima iliyobaki.

"Na mimi bado sijaingia," Patrobas alijibu. "Niko kwenye pikipiki tu. Endelea, mama."

Nafula aliendelea. Wale wageni wengine walifika, akina mama wakiwa na wimbo mdomoni, ukawakatikia langoni. Sylvance alitaka kumpokea baba yake kazi, akafukuzwa kwa nyusi.

"Shika sawasawa huko," mzee alisema kutoka chini ya taulo, "au mbuzi watakuwa saba."

"Na wewe usitingishe kichwa, au nitaomba nipunguziwe nusu."

Akina mama walicheka kwanza. Kisha mzee, mabega yakitikisika, mpaka Nafula akalazimika kumshika kidevu.

Alipomaliza, alimpangusa kwa spiriti, akampa kioo. Mzee alipitisha kidole nyuma ya sikio la kushoto, taratibu, kama anayekagua ubao kabla ya kuupaka rangi. "Hapa umeacha," alisema. Nafula akaparekebisha. Patrobas akazima injini, akafuta viganja kwa leso, akachukua mwavuli wake na kutoka nje ya lango.

"Hodi!" akaita kutoka huko.

Kasiva na ami yake walimwinua mzee, mmoja kila upande. Ilichukua muda. Aliposimama wima alijibu mwenyewe, na wote waliosimama barabarani walimsikia.

"Karibuni."

Nafula alikuwa anakunja taulo wageni walipokuwa wakipita. Patrobas alisita kando yake, akavua kofia, akamwonyesha kisogo.

"Njiru unafika?"

Mbuzi watapelekwa mwezi wa Agosti. Jumamosi ijayo, asubuhi, Nafula anakwenda Njiru.